Kadi ya Papa Imebaki Nyeupe

Bukavu, Jumanne. Mvua asubuhi, jua la kuazima jioni.

Mvua ilianza kabla hatujaamka, ikatusindikiza hadi mpakani, ikatungoja nje ya ofisi, na tulipofika nyumbani ikaacha. Sasa ni saa kumi na nusu. Viatu vyangu viko mlangoni na matope ya nusu ya mji, na sina nguvu ya kuviosha. Papa yuko chumbani kwake. Amefunga mlango, kitu ambacho hafanyi mchana.

Naandika haraka kabla umeme haujakatika. Nikiacha mpaka kesho nitakuwa nimeshajitafutia visingizio, na leo nataka kusema mambo yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonivua nguo.

Leo sina la kuchekesha.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: Papa, yaani baba yangu, ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Alianza kazi Luvungi akiwa kijana mwembamba mwenye baiskeli, akahamishiwa Walungu, akamalizia hapa mjini. Ana miaka sabini na minne. Tangu Maman, mama yangu, afariki, miaka sita sasa, anaishi kwangu Cimpunda. Mimi pia ni mwalimu, wa sekondari, somo lile lile. Watu husema nilimwiga, na ni kweli, ila yeye anaweza kuchora ramani ya Congo ubaoni kwa mstari mmoja bila kuinua chaki, na mimi bado nachungulia kitabu nikifika upande wa Katanga.

Papa ana ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kimya kimya, bila kuuma, na hakumwambia mtu. Nilijua siku alipomimina chai nje ya kikombe akasema kikombe kimesogea. La kulia bado linaona, lakini ni kama anachungulia kwenye tundu la funguo. Daktari aliyempima mwezi uliopita alituambia waziwazi: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa operesheni, ila tusikae wiki nyingi. Na operesheni hiyo hapa mjini kwa sasa haifanyiki. Mashine imeharibika, na mtaalamu aliyekuwa akiifanya aliondoka wakati ule mji ulipobadilika mikono na watu wengi wakaondoka. Kinshasa hatuwezi kwenda, maana uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, na barabara mnazijua. Kwa hiyo daktari akatuandikia barua ya kwenda hospitali moja ng'ambo, upande wa Rwanda. Ni karibu kuliko kwenda Bagira, mtaa wa hapa hapa mjini.

Papa alikunja ile barua, akaitia mfukoni, akamshukuru daktari kwa heshima zote. Tulipofika nje akasema haendi.

Msidhani anawachukia watu wa kule. Alisoma nao zamani, na mmoja wa marafiki zake wa ujana alikuwa fundi saa wa Kamembe, ng'ambo hiyo hiyo, ambaye alivuka kuja kumzika Maman. Shida yake ni nyingine. Kwa miaka arobaini alisimama mbele ya watoto akawaambia kwamba nchi yao haikosi kitu. Aliwaambia wana madini, mto, msitu, akili na mvua, kwamba ni nchi ambayo Mungu hakurudia kuitengeneza mahali pengine.

"Mimi naweza kuenda kule kutembea," aliniambia. "Kuenda kule kuomba macho, apana."

Nilimwacha siku hiyo. Nikamwacha na wiki iliyofuata. Ile nyingine nikaanza kugombana naye kuanzia uji wa asubuhi.

Sasa ngoja niwaeleze desturi ya nyumba yetu, maana ndiyo iliyotufikisha tulipo.

Kwetu, Jumapili baada ya Misa na chakula, kuna mjadala. Ulianza tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu Murhula. Papa anatoa swali, mmoja anatetea, mwingine anapinga, na Maman alikuwa hakimu. Aliyeshindwa anatoa sahani mezani na kuziosha. Papa alikuwa na maswali mengi: mwanamke anaweza kuwa askofu, mihogo ni bora kuliko mahindi, baba anaweza kumwomba mtoto msamaha. Lakini swali lake kipenzi, lililorudi kila mwaka kama sikukuu, lilikuwa hili: je, Congo ni nchi ya pekee kati ya mataifa? Na kila mara yeye ndiye aliyetetea. Sisi tulipinga kwa sababu mtu lazima apinge, kisha tukaosha sahani. Sikumbuki hata mara moja Papa ameshindwa swali hilo. Maman alikuwa hakimu mwenye upendeleo wa wazi kabisa.

Siku hizi hakimu hayupo, na Murhula yuko Montréal. Tunabaki wawili, na tunaamuana wenyewe. Anayekosa jibu ndiye anayesimama na sahani.

Jumapili iliyopita, tulipomaliza ugali na sombe ya majani ya mihogo, Papa alifuta mdomo, akaweka mikono mezani, akatoa swali lile lile.

Nilijua kwa nini amelitoa. Alitaka kushinda kitu.

Akaanza vizuri, kama zamani. Sauti ilipanda, mgongo ukanyooka. "Muto gani ingine kubwa inakata ekwateri mara mbili? Niambie moja tu." Akatoka kwenye ikweta akaja kwa majirani tisa, akaja kwa okapi ambaye hapatikani porini kwingine duniani, akaja kwa udongo ambao ukichomeka fimbo unakuta majani. Halafu akafika kwenye hoja ambayo hunifunga mdomo kila mwaka. "Inchi ingine, wangeiibia vile wanatuibiaka siye, ingeisha kufa. Yetu iko. Inaumwa, lakini iko."

Nitakiri jambo. Mimi pia naamini. Darasani najifanya mtu wa kupima mambo, nawaambia wanafunzi wangu kwamba kila taifa hujiona la pekee, wasibebwe na sifa. Lakini mgeni wa shirika fulani alipowahi kusema mbele yangu kwamba Congo ni nchi kama nchi nyingine yoyote iliyoshindwa, nilitua kikombe mezani kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika. Najua nyimbo zote. Nikipanda juu kule Muhumba na kuliona ziwa limetulia, na peninsula zetu zimelala ndani yake, nasema moyoni hakuna pengine. Sijawahi kufika pengine. Nimefika Bujumbura tu, mara mbili.

Kwa hiyo Jumapili ile nilikuwa napinga kitu ninachokipenda. Nilianza taratibu. Nikamwambia, "Papa, kila inchi iko na mwalimu wake mwenye anasema vile. Hata kule Kamembe, mwenzako anasimama mbele ya batoto na anabaambia bo njo batu ba pekee." Akacheka. Akasema, "Acha aseme. Muto yake inakata ekwateri mara ngapi?"

Ningeweza kuishia hapo. Ningecheka naye, nikasimama, nikachukua sahani.

Badala yake nikasema: "Kama inchi yetu iko ya pekee, inashindwa je kukuponya jicho moja? Moja tu, Papa. Siombi mbili."



Alinigeuzia uso, akanitafuta kidogo, maana nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto ambako hanioni. Midomo ilisogea. Nilingoja hoja. Nilitaka sana awe na hoja, hata ya uongo, hata ya kuchekesha. Hakuwa nayo. Akasimama, akaanza kukusanya sahani kwa kupapasa, moja juu ya nyingine, vijiko ndani ya bakuli. Nilimwambia aache. Akasema, "Nimeshindwa. Sheria ni sheria." Nikamsikia jikoni anamimina maji, anasugua kila sahani polepole, pande zote mbili.

Alipomaliza alikuja mlangoni akijifuta mikono kwenye suruali. "Mardi tutaenda," akasema, yaani leo Jumanne.

Nilikuwa nimeshinda mjadala wa miaka arobaini, na nilijisikia kama mtu aliyempiga mzee barabarani.

Usiku huo huo Murhula, ambaye nilikuwa nimemtumia habari njema, alinirudishia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Papa wetu hawezi kwenda kuomba kule, itakuwa aibu, watu watasema nini, tafuteni njia nyingine. Njia gani, hakusema. Kule Montréal bendera yetu iko juu ya televisheni yake, kubwa kuliko ile ya shule yangu. Sikumjibu. Nampenda kaka yangu, lakini kuna watu ambao nchi inakuwa ya pekee zaidi kila wanapoongeza kilomita.

Basi, leo.

Tulitoka saa moja kasoro robo. Papa alivaa koti la kijivu la siku za mitihani na kofia. Nilibeba barua ya daktari, matone ya macho, mkate na chupa ya maji. Tulikodi taksi hadi mpakani, kwenye mto Ruzizi, na katika foleni alikaa wima kabisa, mwavuli juu yake, mkono wake umeshika mkono wangu juu ya kiwiko. Mbele yetu kulikuwa na mamans wachuuzi wa kuvuka kila siku na ndoo zao za samaki, wanataniana na maafisa kwa majina. Wale wanavuka mara mbili kwa siku bila kujiuliza swali lolote kuhusu mataifa. Niliwaonea wivu.

Ili upewe jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, lazima uonyeshe kitambulisho. Na hapa kwetu kitambulisho ni kadi ya mpiga kura, hatuna kingine. Ndiyo unayoonyesha kwa polisi, kwa kusajili namba ya simu, kwa kila mlango. Ilitolewa kabla ya uchaguzi uliopita, na haikuchukua muda mrefu wino ukaanza kuhama. Kwanza tarehe, kisha jina, kisha uso. Mji mzima tuligundua kwa wakati mmoja, na vijana wenye mashine za fotokopi walipata kazi kuliko mapadri wakati wa Pasaka. Kila mtu alikimbia kupiga nakala ya rangi na kuitia plastiki kadi ingali inasomeka. Mimi nilipiga tatu.

Papa alikataa. Alisema serikali haiwezi kumpa mtu kadi inayofutika, kwamba ni sisi tunaziweka kwenye jua na jasho. "Mutu akifotokopi kadi yake ni kusema hana imani na inchi yake," ndivyo alivyoniambia, na akaitia ya kwake ndani ya Biblia, gizani, kati ya Zaburi. Nilicheka nikaenda zangu. Nilidhani iko salama kwa sababu ilikuwa ndani ya Biblia. Hayo ni makosa ya mtu aliyelelewa na Papa.

Afisa wa upande wetu alikuwa mtu mzima, mpole, na koti lake la mvua lilikuwa limechanika bega. Alipokea kadi yangu, nakala ya plastiki, akaandika. Akapokea ya Papa, ambayo Papa mwenyewe aliitoa mfukoni. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Muzee," akasema, "hii kadi haina mutu."

Nilimnyang'anya, nisamehewe. Ilikuwa nyeupe. Rangi za pembeni zilibaki kidogo, na pale penye picha palikuwa na kivuli cha rangi ya chai, duara moja, ungeweza kusema ni kichwa ukiwa umeambiwa ni kichwa. Jina hakuna, na namba hakuna. Nikamwambia Papa, "Kadi imefutika yote."

Aliipapasa kadi kwa kidole gumba. Kisha akauliza, polepole, kama mwanafunzi anayeogopa jibu: "Yote? Hata weye hauone?"

"Hata miye."

"Nilizaniaka ni macho yangu."

Hapo ndipo nilipojua. Kila asubuhi, akimaliza sala, Papa alikuwa anaitoa ile kadi kwenye Biblia na kuisogeza kwenye dirisha ili kupima jicho lake la kulia. Alichagua kadi kwa sababu jina lake anajua limeandikwa wapi. Mwanzoni alisoma jina lote. Baadaye akasoma herufi za mwanzo tu. Tangu wiki kadhaa hakuona kitu, na akaamua kwamba jicho nalo limekwisha, limebaki kuona vivuli tu, na kwamba daktari anatufariji. Hakutaka kuniambia. Ndiyo sababu nyingine ya kukataa kuvuka, na nahisi ndiyo kubwa: aliona haina maana kwenda kujidhalilisha kwa ajili ya jicho ambalo tayari limekufa.

Alinieleza yote haya palepale dirishani, na foleni nyuma yetu ikasikiliza. Maman mmoja mwenye ndoo akasema "pole, Papa." Na Papa, mnisikilize vizuri, Papa akatabasamu. Alikuwa amefurahi. Jicho lake lilikuwa bora kuliko alivyofikiri.

Mimi nina macho mawili mazima. Ninaishi naye nyumba moja. Sikuwahi kufungua ile Biblia.

Tulimwomba yule afisa. Nilionyesha barua ya daktari, nikaonyesha jicho lenyewe, nikaonyesha kadi yangu, jina la baba yangu limeandikwa pale, baba ni huyu hapa. Alisikiliza kila kitu. Akasema angependa, lakini upande wa pili watamrudisha Papa na yeye ataulizwa alimwandika nani. "Nitaandika jina ya nani, maman? Naona karatasi tu." Hakuwa mbaya. Ningependa sana angekuwa mbaya.

Kutoka pale tulienda ofisini komine, kwenye serikali ya mtaa, kwa sababu kuna karatasi inayoweza kushika nafasi ya kadi. Inaitwa attestation de perte, cheti cha upotevu. Kama jina linavyosema, ni ya mtu aliyepoteza. Maman wa ofisini, mnene, mwenye sweta ya zambarau, alitupokea vizuri akampa Papa kiti chake mwenyewe. Akatoa fomu. Nikaanza kumsomea Papa: mimi fulani, mzaliwa wa mahali fulani, natangaza kwa heshima yangu kwamba nimepoteza kadi yangu.

"Sikupoteza," Papa akasema. "Iko hii."

Akaiweka juu ya meza.

Yule maman akaeleza kwa uvumilivu. Fomu ya kadi iliyofutika haipo. Kuna ya kupoteza tu. Wote wanaandika wamepoteza, hata yeye mwenyewe aliandika, kadi yake iko nyumbani kwenye kabati. Ni neno tu.

Papa alivua kofia. Nilijua dalili hiyo, ni ya darasani. "Maman," akasema, "kama nikiandika nimepoteza, makosa ni yangu. Mimi nilichunga hii kadi ndani ya Biblia. Bo njo bameifuta, na miye njo naomba masamaha?" Yule maman akaangalia mikono yake mwenyewe. Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangalia mvua. Siku hizi mtu hajui ofisi ina masikio ya nani.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Mimi nikibembeleza, yeye akikataa, na yule maman akihudumia wengine kisha akirudi kwetu. Papa hajawahi kusaini uongo. Aliwahi kukosa cheo cha mkuu wa shule kwa sababu alikataa kusaini orodha moja ya wanafunzi ambao hawakuwepo, na marehemu Maman alimlaumu kwa hilo hadi siku zake za mwisho. Nilijaribu njia zote. Nikasema ni utaratibu tu. Nikasema Mungu anaona. Nikasema hata shangazi yetu wa Mumosho anajua watu wanaovusha wengine mtoni bila karatasi, kama anapendelea hivyo, na Papa akaniuliza kama namwona amekuwa mbuzi wa magendo.

Mwisho nikafanya tena kile nilichofanya Jumapili. Nikainama karibu na sikio lake nikasema: "Papa, jicho."

Neno moja tu. Sikuwa na lingine, na nilijua linapiga wapi.

Papa akavaa tena kofia. Kisha akanyoosha mkono hewani akiomba biki. Nikampa. Akasogeza uso hadi karibu kugusa karatasi, akatafuta mstari, akaukosa, akatafuta tena. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikutaka watu waisikie, "Weka mukono yangu fasi yake." Nikauchukua mkono ule ulionifundisha kuandika, nikauweka juu ya mstari wa uongo, na Papa akasaini jina lake zuri lenye mkia mrefu chini.

Yule maman akachukua karatasi, akapumua, akatuambia mwenye muhuri hayupo. Labda Ijumaa. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo hana hakika kama upande wa pili wanaukubali muhuri wa wakubwa wa sasa. Wiki iliyopita waliukubali kwa wengine, wengine wakarudishwa.

Sikulia pale. Nililia kwenye taksi, bila kutoa sauti, nikijua kwamba kwa upande niliokaa hanioni.

Nimekuwa nikijiuliza tangu turudi kama nchi yangu ni ya pekee. Nadhani sasa nina jibu, na halinisaidii kitu. Labda kuna nchi nyingine ambako mashine za hospitali zimeharibika. Labda kuna nyingine ambako uwanja wa ndege umefungwa, na mji umebadilika mikono, na watu wanapima maneno yao kwenye benchi la ofisi. Lakini ni wapi pengine mtu anafutwa na nchi yake, kisha anaapa kwa heshima yake kwamba alijipoteza mwenyewe, na bado anaitetea? Maana anaitetea. Ndilo linaloniua. Ningekuwa na baba anayelaani, tungelaani pamoja, tungepata nafuu.

Na sina wa kumlaumu hata mmoja niliyemwona leo kwa macho. Afisa alikuwa mpole. Maman wa ofisini alitoa kiti chake. Daktari alisema ukweli. Nimezunguka siku nzima nikitafuta mtu wa kumkasirikia, nimerudi nyumbani na hasira yangu nzima, haijapungua hata kijiko.

Tulipofika mlangoni, kabla ya kuingia chumbani, Papa alisimama. Anajua ninaandika hapa. Siku zote alikuwa msomaji wangu wa kwanza, akiwa ameyakuza maandishi ya tableti mpaka herufi zikawa kama za bango, akinipigia kelele kuhusu majina ya mito niliyoyakosea, hadi wiki hizi za karibuni alipoiacha.

"Nsimire," akasema, "kama utaandika, andika ni miye nilipoteza kadi. Usisonte inchi kidole mbele ya batu."

Nikamwambia ndiyo, Papa. Akafunga mlango.

Sikutii. Nimekaa hapa na kuandika kila kitu, weupe wa ile kadi, fomu, mkono wake chini ya wangu. Nimeandika kwa sababu najua hawezi kuisoma. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo, kubwa kuliko ya Jumapili: nimepata ujasiri wa kusema ukweli siku ambayo baba yangu haoni.

Ijumaa tutarudi ofisini. Sijui kama mwenye muhuri atakuwepo, sijui kama muhuri utapita, sijui jicho linahesabu siku namna gani. Sina cha kufanya hadi Ijumaa ila kumwekea matone, asubuhi na jioni, na kunyamaza.

Naomba kitu kimoja tu. Naomba siku moja aikute hii hapa, aisome mwenyewe mpaka mwisho, anikasirikie.